Vitanzi Thelathini na Viwili

Mume wangu, Lukumani bin Abbasi, hakujua kuogelea. Hata mto wa kuvuka kwa miguu ulimtia hofu. Naanza na hilo kwa sababu siku ya maziko yake wazee wa Tabora walisimama wakasema tumempoteza fundi asiyekosea, na mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, nikawasikia, nikanyamaza. Alikosea. Mara ya kwanza alikosea mwenyewe, na mara ya pili nilikosea mimi kwa niaba yake, na hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi.

Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la kisomo, nikiwa na miaka arobaini na kitu. Mwalimu alitaka kila mmoja wetu aandike barua kwa ndugu yake wa mbali. Ndugu wa mbali sina. Naandika haya.

Lukumani alikuwa fundi wa makochi. Banda lake lilikuwa mbele ya nyumba yetu ya Kanyenye, lina meza moja, cherehani moja ya miguu na harufu ya gundi isiyotoka hata kwenye mchuzi wangu. Kazi aliipata kwa baba yake, na baba yake aliipata kwa babu, mzee Mussa, ila babu hakushona makochi. Babu alikuwa akifunga mizigo ya misafara. Vitambaa, shanga, waya, pembe, vyote vilipita mikononi mwake pale Kwihara kabla ya kupanda mabegani mwa wapagazi. Kanuni yake niliisikia mpaka ikanikinai: mzigo usiachwe na kitu kinachoning'inia. Kamba ikining'inia itanaswa na mwiba, mpagazi atavutwa nyuma, ataanguka na mzigo juu yake, na msafara mzima utasimama.

Kwa hiyo mume wangu hakuweza kuona uzi uliochomoza akauacha. Ukiwa unaongea naye atakuja na mkasi katikati ya maneno yako. Siku ya harusi yetu alinikata nyuzi tatu za shela mbele ya shangazi zake, nikajua nimeolewa na mwendawazimu. Nilimpenda hivyo hivyo. Nasema ili isije ikadhaniwa kwamba haya nayaandika kwa chuki.

Mwaka wa 1974, mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini na unga ukawa wa kupanga foleni, alikuja mtu kutoka Kigoma kwa treni ya asubuhi. Jina lake Bernardo. Alikuwa nahodha wa boti ya ushirika mmoja wa huko, boti iliyokuwa ikipeleka watu na vyombo vyao kwenye vijiji vipya vya kandokando ya ziwa, kule kusiko na barabara. Nyuma yake ulikuja mkokoteni wenye matakia kumi na sita ya kukalia, yamechanika, yamepauka kwa jua, yananuka dagaa na dizeli. Fundi wao alikuwa amefariki, na watu wa reli wakamwambia Tabora yuko mtu aliyewahi kuvisha viti vya mabehewa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hayo ni matakia au ni mizoga?"

Bernardo alicheka. Alikuwa mwembamba, hajafika miaka arobaini, viganja vimekakamaa kwa kushika kamba.

"Boti yetu haina paa, fundi. Jua letu, mvua yetu, mawimbi yetu. Nataka turubai jipya tu. Ndani pabaki kama palivyo, na hivi vitanzi vibaki. Usibadili kitu."

Kila takia lilikuwa na vitanzi viwili vya kamba, kimoja ubavu huu na kimoja ubavu ule. Katikati ya kila kitanzi palikuwa na kiungo, kamba imesukwa ncha kwa ncha, kisha ikazungushiwa uzi wa nyavu wa buluu, mizunguko saba, imebana kabisa. Lukumani akavuta kimoja.

"Umesuka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mkono mzuri," mume wangu alisema. Mimi sifa kama hiyo niliisubiri miaka saba ya ndoa.

Bernardo hakusema vitanzi vile ni vya nini, wala Lukumani hakuuliza. Mtu wa ziwani hawezi kufikiri kuna mtu mzima asiyejua, kama mimi nisivyoweza kufikiri kuna mwanamke asiyejua kazi ya mchi. Alikunywa chai yetu ya rangi, akala mihogo, akatushukuru sana, akarudi na treni iliyofuata. Alituachia wiki tatu.

Jioni ile ile Lukumani alipasua takia moja. Ndani mlikuwa na sufi, imeganda mabonge mabonge, ya kahawia kwa uzee.

"Sufi!" alisema. "Watu wanakwenda kujenga nchi wamekalia sufi ya bibi zao."

"Si mwenyewe amesema pabaki kama palivyo?"

"Mteja hajui anachotaka mpaka akikalie, Zamda."

Nikaona macho yake, nikajua ameshaondoka, hayupo nasi. Ghalani mjini palikuwa na sponji lililobaki kwenye viti vya ukumbi wa mikutano, na kwa kuwa kazi ya Bernardo ilikuwa na karatasi yenye mhuri, mlango wa ghala ulifunguliwa kwa mara ya kwanza. Mume wangu alikuwa ameshonea sponji makochi mawili tu maishani mwake. Makochi yote mengine alikuwa ameyajaza sufi, nyasi na makumbi ya nazi, na kila mwaka watu walimrudishia yametitia, wakimlaumu yeye badala ya kulaumu matako yao.

Sasa nieleze alivyochagua, maana hapo ndipo alipokuwa fundi kweli, na ndipo uchungu wangu ulipo. Hakufanya kwa uvivu. Angekuwa mvivu watu wale wangekuwa hai.

Kwanza kitambaa. Turubai lililopatikana lilikuwa jembamba. Alichukua kipande, akakipaka nta ya nyuki ya Ipole iliyoyeyushwa, akakipiga pasi, akakianika. Maji hayakupenya. Lakini alipokikalia juani saa nzima na kanzu yake nyeupe, aliinuka na alama mbili za mviringo nyuma, nikacheka mpaka nikakaa chini. Turubai likawekwa kando. Ikafuata ngozi bandia, ile tunayoiita rekzini. Zilikuwepo rangi mbili, nyekundu ya damu ya mzee na kijivu. Alitupa kipande cha kila rangi juu ya bati, akaweka jiwe, akakiacha wiki. Nyekundu iliunguza kiganja saa sita mchana, tena ikaanza kupasuka pale ilipokunjwa. Kijivu ilivumilia. Akaikunja kama beseni, akamimina maji, akaacha kutwa nzima. Halikutoka hata tone. Alinishika mkono nikaguse chini yake, pakavu.

Kisha sponji. Lilikuwepo la njano, laini, na lililokuwa jeupe, gumu kidogo, lenye vitundu vidogo. Alibonyeza kila moja kwa kidole gumba akahesabu linavyoinuka. La njano lilichelewa. Jeupe liliruka. Akakata kipande cha lile jeupe, akakilowesha, akakikamua, akakitundika kwenye upepo, na kufikia alasiri kilikuwa kikavu.

"Kiti cha nje kina maadui wawili," aliniambia. "Jua na mvua. Jua nimelimaliza. Mvua, hata ikipita kwenye matundu ya sindano, nitaipa njia ya kutokea." Kwa hiyo chini ya kila takia hakuweka rekzini. Aliweka kitambaa cha gunia lililofumwa wazi, ili maji yakiingia juu yashuke, na sponji lipumue.

Kwa mvua ilikuwa kazi isiyo na kasoro. Nimewahi kuwaza sana juu ya jambo hilo. Sisi Tabora maji ni kitu kinachotoka juu. Yanashuka kwenye bati, au unayavuta kutoka kisimani, basi. Hakuna hata mmoja wetu, mimi wala yeye wala majirani waliokuja kushangaa, aliyefikiri maji yanaweza kumjia mtu kutoka chini.

Vitanzi alivikata siku moja baada ya swala ya adhuhuri. "Ni vya kubebea," alisema. "Yakishafika botini nani atayabeba tena? Vitaning'inia tu, vinase miguu ya wazee wakipanda." Alikata vyote thelathini na viwili, karibu kabisa na mshono, akavilundika miguuni pake.

Mimi ndiye niliyevichukua. Kamba yangu ya kisima ilikuwa imeoza, na dukani kamba ilikuwa haijaonekana tangu mfungo. Niliviunga kimoja kwa kimoja, fundo juu ya fundo, na ndoo yangu ikafika majini na kamba ikabaki ya kushika. Sufi nayo niliifua, nikaianika juu ya mkeka siku mbili, nikaichambua, nikaijaza godoro la wageni. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyeokota. Kila nilipovuta maji niliona vile viungo vya buluu vikipita vidoleni, na nilivipenda.

Matakia yalipokwisha watu walisimama barabarani kuyatazama. Kijivu, mraba, kingo zimenyooka, hakuna uzi uliochomoza. Kila mpita njia alitaka kukaa. Lukumani aliwapangia zamu. Siku ile nilimwona mume wangu akiwa na furaha kuliko siku yoyote niliyoishi naye, nami nilijivunia, na leo nikikumbuka roho inaniuma.

Yalikwenda kwa treni. Siku kumi baadaye Silasi, mtumishi wa kwenye treni aliyekuwa akija na kurudi Kigoma, alipiga hodi.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Nina salamu za nahodha Bernardo. Anasema matakia mazuri, ila fundi amesahau vitanzi. Anaomba mnipe niondoke navyo kesho kutwa. Atashona mwenyewe."

Lukumani alikuwa ndani ya banda na misumari mdomoni. Aliitoa, akacheka.

"Mwambie nahodha aendeshe boti, ushonaji aniachie mimi."

Silasi alicheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti, kwa sababu kamba ilikuwa kisimani kwangu na sikutaka kuitoa.

Haikufika hata mwezi. Silasi alikuja tena, na safari hii hakuamkia. Alikaa kwenye benchi la banda, akavua kofia, akatuambia boti imepinduka. Upepo uliwakuta wakizunguka rasi, si mbali na nchi kavu, watu wanaiona miti. Ndani mlikuwa na familia zinazohamia kijiji kipya, na masufuria, na kuku. Wamekufa kumi na wanne. Bernardo mmojawao.

"Waliookoka wanasema nini?" Lukumani aliuliza.

Silasi aliangalia kofia yake. "Wanasema matakia ya zamani yalikuwa maboya, fundi. Hata mtoto anajua, boti ikipinduka unachukua takia, unatia mikono kwenye vitanzi, unalala juu yake, unangoja. Sufi haizami. Sasa watu waliyarukia haya mapya. Yakateleza kama kambale, hayana pa kushika. Waliofanikiwa kuyakumbatia, yaliwabeba kidogo, halafu yakalewa maji, yakashuka nao."

Kisha Silasi akaongeza jambo ambalo nadhani aliliona ni la kutupa nafuu: "Huko wanamlaumu nahodha. Kamba haipatikani siku hizi. Wanasema alikata vitanzi akawauzia wavuvi."

Asubuhi ya pili Lukumani alifunga matakia mawili nyuma ya baiskeli. Moja alikuwa amelishona usiku kwa vipande vya sponji na rekzini vilivyobaki, na moja alilijaza sufi aliyoichomoa kwenye godoro langu. Alikwenda nayo bwawa la Igombe. Alirudi jua likiwa limeanza kulala, viatu vimejaa tope, na baiskeli haina kitu.

"La sponji limekaa juu muda wa mtu kula wali," alisema. "Halafu limekwenda."

"Na la sufi?"

"Nimeliacha linaelea."

Hakula. Nilimwambia hakuna aliyemtaja, na asiyetajwa asijitaje. Niliona pingu kila nilipofumba macho. Mwaka ule mtu alikuwa akiulizwa kwa nini anaishi nje ya kijiji. Je, aliyeua watu wanaohamia kijijini? Nilimkataza asiende Kigoma, nilimkataza asiandike barua, na alinisikiliza. Sijui kwa nini alinisikiliza safari ile, mtu ambaye hakuwahi kunisikiliza kuhusu chumvi.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata alikuja mwanamke mwenye kikapu cha dagaa. Aliuliza kwa fundi Lukumani ni wapi, akaelekezwa. Alikuwa amevaa nguo nyeusi iliyofuliwa mpaka ikawa kijivu.

"Mimi ni Marcelina," alisema. "Mke wa Bernardo."

Kwetu mgeni wa mbali haulizwi shida yake siku anayofika, wala yeye haitaji. Anakaribishwa, anapewa maji ya kuoga, anakula, analala. Yatakayosemwa yatasemwa kesho. Kwa hiyo tulikula pamoja, tukaongea habari za njiani na bei ya kila kitu na mvua iliyochelewa. Nilimtandikia godoro la wageni. Lilikuwa limepungua sufi kidogo, lakini lilikuwa godoro zuri.

Asubuhi nilipotoka na birika la chai nilimkuta ameshaamka. Mwanamke mwenye malezi hakai kitako kwa watu. Alikuwa amefagia uwanja, amejaza mitungi yangu miwili na pipa. Alikuwa amesimama kisimani, ndoo iko chini, kamba ameishika kwa mikono yote miwili. Nilidhani anapumzika. Nilimwambia dada, umefanya kazi kubwa, njoo unywe chai, naye akaikunja kamba vizuri, mviringo juu ya mviringo, akaiweka ukingoni, akaja.

Tulikaa watatu barazani. Alishika kikombe, hakunywa.

"Kaka fundi, sikuja kugombana. Mume wangu alikusifu sana. Huko kwetu nikiamkia siitikiwi. Yupo mama mmoja, Koleta, alipoteza wajukuu wawili mle botini. Ni jirani yangu, ndiye aliyenipokea mwanangu wa kwanza. Kila asubuhi nampa shikamoo, ananipita. Wanasema Bernardo aliuza kamba. Sitaki kitu kingine chochote kwenu, nataka niitikiwe tu. Basi niambie kitu kimoja. Matakia yalipofika hapa yalikuwa na vitanzi, au hayakuwa navyo?"

Lukumani alifungua mdomo. Alikuwa anakwenda kusema. Namjua. Nami nikasema kabla yake.

"Hayakuwa navyo, dada. Yalikuja hivyo hivyo."

Marcelina hakuniangalia. Alimwangalia yeye.

"Ndivyo, kaka?"

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mtu mwingine angesema amekubali. Mimi nilijua ameona haya, lakini haya na kukubali vilikaa shingoni mwake kwa namna moja, na kwa Marcelina ilitosha.

"Ahsanteni," alisema. Alikunywa chai yake yote, taratibu, akasuuza kikombe mwenyewe. Nilimfungia unga na chupa ya asali. Siku iliyofuata Silasi alinirudishia chupa. Ilikutwa juu ya benchi la stesheni. Nikajiambia amesahau.

Marcelina alipokwisha kuondoka, Lukumani alikwenda kisimani. Alifungua mafundo yangu yote, moja moja, kutwa nzima, akavitia vitanzi kwenye debe la mafuta, akaliweka chini ya meza ya banda. Tulivuta maji kwa vitambaa vya magunia vilivyosokotwa mpaka mwaka ukaisha. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu ningempigia kelele, tungegombana, pengine mmoja wetu angepanda treni. Alinyamaza tu, na mimi nikanyamaza, na nyumba ikajaa ukimya ule mpaka dirishani.

Hakugusa sponji tena. Watu walikuja nalo wamelipata kwa taabu, akawaambia atafutwe fundi mwingine. Kochi la kawaida la sebuleni alikuwa akimuuliza mwenyewe mara tatu: nikate hapa? una hakika nikate? hii ina kazi gani? Wateja walichoka. Wengine walisema amezeeka, wengine wakasema amerogwa. Cherehani ilipata kutu. Tulihamia Ipuli kwenye chumba na ukumbi, na debe tulihama nalo.

Alikufa mwaka 1983, kwa maradhi ya kifua. Siku mbili kabla, alinishika kanga, nikadhani ameona uzi.

"Vitanzi vipeleke," alisema. Basi.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi kama inavyotakiwa. Ilipokwisha nilipanda treni kwa mara ya kwanza maishani mwangu, debe mapajani.

Marcelina nilimkuta Kibirizi, kando ya mji wa Kigoma, anaanika dagaa mchangani. Nywele zimeingia mvi. Alinitazama, akalitazama debe, akaendelea kueneza dagaa mpaka beseni likaisha. Kisha akafuta mikono.

"Fundi amekufa?"

"Amekufa."

Nilifungua debe. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Tabora, nikaanza kuyasema: kwamba mumewe alisema visikatwe, kwamba alituma ujumbe, kwamba nilimdanganya. Aliinua mkono ninyamaze.

"Najua, dada. Nilivishika kisimani kwako. Uzi ule nilimshikia mimi Bernardo akizungusha, nyumbani, mapajani mwangu. Nilivuta ndoo ya kwanza nikaujua."

Nilikaa kwenye mchanga.

"Ulijua kabla hujauliza? Sasa kwa nini uliuliza?"

"Ili mseme. Ningerudi huku nikasema mimi, nani angeniamini? Mke anamtetea mumewe. Nilitaka nitoke na neno lenu. Nilikutengenezea nafasi ya kusema, ukaikalia."

"Ungechukua hata kitanzi kimoja."

"Kamba ya kisima ya mtu aliyenilaza na kunilisha? Sikuwa mwizi. Wala Bernardo hakuwa mwizi."

Aliniambia nibebe debe. Tulitembea mpaka walipokuwa wanawake wengine, kumi hivi, wanapindua dagaa wao. Katikati yao alikuwa bibi kizee amekaa juu ya kigoda, mgongo umepinda. Sikuhitaji kuambiwa ni Koleta. Marcelina alisimama nyuma yangu, hakunisaidia hata neno moja.

Nilisema. Nilianza na vitanzi, nikaja kwenye sponji, na gunia la chini, na ujumbe wa Silasi, na kicheko chetu. Nilisema mume wangu alikosea kwa kutojua na mimi nilidanganya kwa kujua. Nilivimwaga vitanzi mchangani vyote thelathini na viwili. Sauti ilikatika mara mbili nikairudisha. Baadhi ya wale wanawake walikuwa wasichana tu siku boti ilipopinduka, nikaona wakiulizana kwa macho. Koleta alinyoosha mkono akaokota kitanzi kimoja. Alikipapasa mpaka akafika penye uzi wa buluu.

"Miaka tisa," alisema.

"Ndiyo, mama."

Hakuniangalia. Alibaki na kitanzi mkononi muda mrefu, kidole kinazunguka pale penye uzi. Kisha Marcelina akatoka nyuma yangu, akapiga goti kidogo kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi, nadhani, miaka yote ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," bibi alisema. "Marahaba, Marcelina."

Marcelina alifunika uso kwa kanga. Wanawake walimzunguka, mmoja akamshika bega, mwingine akaanza kulia kwa sauti. Mimi nilikuwa nje ya ule mduara na debe tupu. Nilingoja kidogo, kisha nikasogea mbele ya kigoda, nikainama.

"Shikamoo, mama."

Koleta aligeukia dagaa wake, akaanza kuwapindua. Nilidhani ni masikio ya uzee, nikarudia kwa nguvu. Aliyekuwa karibu yake alivuta mkeka wake upande mwingine ili kivuli changu kisiangukie samaki. Nilimtafuta Marcelina kwa macho. Alikuwa amenipa mgongo.

Nilichukua debe langu nikapanda kuelekea stesheni. Treni ilikuwa ya kesho yake jioni, na sikuwa na pa kulala.